Baba wa Kwenye Cheti

Sosthenes Kalinga alikuwa baba wa watu wengi mpaka siku chuo kilipotaka ada. Ukienda Ubaruku, kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga, unamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa ghala, na kila kijana anayepita na gunia begani ni "mwanangu". Ukienda Kihesa, pale Iringa, ilipo nyumba yake ya bati jekundu, ni hivyo hivyo. Watoto wa dada yake ni wake, wa binamu ni wake, na mtoto wa jirani akifaulu mtihani naye anakaribishwa kwenye ukoo. Mtu wa namna hiyo ni mtamu msibani na kwenye kipaimara. Anashika maiki, anatoa hotuba, anakula wa kwanza. Swali la analipa nini huwa hatuulizi, kwa sababu ya adabu. Hiyo adabu imewalia watu hela nyingi kuliko wezi.

Mmoja wa watoto wake hao ni Eveline. Eveline alizaliwa na Ezron, kaka yake Sosthenes, aliyefariki kwa homa wakati mtoto hata kusimama bado. Mama yake ni Tusekile, Mnyakyusa, ambaye baada ya kumzika mume hakutaka kurithiwa na mtu. Alikunja vitu vyake, akarudi Mbalizi na kuanza kuuza maharage sokoni, akiyapima kwa kopo la kisado. Meza yake inapakana na yangu ya viazi, ndiyo maana najua ninachokisema.

Sasa, hiki cheti. Mtoto alipokaribia kumaliza darasa la saba ilibidi apate cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo ukoo ukakaa Kihesa. Mtu mmoja mwenye akili akasema andikeni Ezron, marehemu. Sosthenes akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Kwenye ukoo wa Kalinga hakuna yatima," akasema. "Baba mdogo ni baba. Niandikeni mimi."

Wakapiga makofi. Wengine wakafuta machozi. Tusekile alikuwa amesafiri na magunia siku hiyo, amechoka, hakupinga, na isitoshe jambo lenyewe halikuwa geni. Kwa Wahehe mdogo wa baba ni baba, na kwa Wanyakyusa pia hakuna anayemwita mjomba. Ukisema hivyo sebuleni kila mtu anajua unamaanisha nini. Tatizo ni kwamba serikali haikai sebuleni kwako. Ukiiambia baba inaandika baba, halafu inakungoja.

Kwa ubaba huo Sosthenes alitoa gunia moja la mchele kila Krismasi, na mara nyingi lilikuwa la chenga. Alilileta mwenyewe kwa gari, mchana, ili lionekane likishushwa. Godoro la bweni, sare, nauli, michango ya shule, vitabu na miwani ya mtoto vilitoka kwenye maharage. Eveline akasoma shule ya serikali ya bweni mpaka kidato cha sita, akafaulu vizuri sana, akachaguliwa chuo kikuu kusomea famasia.

Hapo baba akaonekana. Alifanya karamu Kihesa, akachinja mbuzi, akasimama na maiki. "Digrii hii," akasema, "atakayekuja kuposa aje na lori la ng'ombe. Baba yake nipo, nitamhesabia mmoja mmoja getini." Watu wakacheka. Yeye alikuwa hatanii.

Wiki iliyofuata Tusekile na binti yake wakaingia kwenye duka la Shufaa, pale Mbalizi, anakotoa kopi na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Shufaa ni mama wa makamo, babu yake alikuja huku na biashara ya nguo kutoka Pwani. Hana maneno mengi na hashiki kalamu bure. Dirisha la mkopo wa elimu ya juu lilikuwa linaelekea kufungwa. Bila mkopo Tusekile hakuwa na njia. Maharage yanasomesha sekondari, famasia hayaiwezi hata mwaka mmoja.

"Baba yupo?" Shufaa akauliza, macho kwenye kompyuta.

"Alifariki," Eveline akajibu.

"Cheti cha kifo."

Mama na mtoto wakatazamana. Ezron alizikwa kijijini, huko milimani, na watu waliorudi kutoka makaburini walikumbuka sufuria zao tu, si kusajili kifo.

"Hamna," Tusekile akasema.

"Na cheti hiki cha kuzaliwa kinasema baba ni Sosthenes Kalinga. Huyu ni nani?"

"Baba mdogo."

Shufaa akavua miwani. "Mama Eva, humu ndani hamna baba mdogo. Kuna baba aliye hai na baba marehemu, basi. Huyu wenu yuko hai, na mnaniambia ana mashine."

"Hakunilea," Eveline akasema.

"Mwanangu, humu hawaulizi hilo."

Akawaeleza polepole, kama anavyowaeleza wote. Kumwondoa Sosthenes kwenye cheti kuna njia, lakini ni ndefu. Kwanza kifo cha Ezron kisajiliwe, halafu cheti cha mtoto kirekebishwe, halafu vyote vihakikiwe. Dirisha lingekuwa limeshafungwa zamani na mtoto angekaa nyumbani mwaka mzima akiangalia wenzake. Wakiomba hivi hivi, mkopo anaweza kupata, lakini wasitegemee uwe wote. Mtoto mwenye baba mwenye mali hawekwi fungu moja na yatima.

"Na kinachobaki?" Tusekile akauliza.

"Kinachobaki ni cha baba."

"Akila kiapo kwa wakili kwamba si baba?"

"Kiapo peke yake hakifuti cheti. Kitakusaidia mwakani." Shufaa akavaa miwani yake. "Mpigieni kwanza. Labda ni mtu mzuri."

Tusekile akapiga palepale, simu ikiwa kwenye spika ili wote wasikie.

"Shemeji, wanataka kujua habari za baba yake Eva."

"Waambie nipo," Sosthenes akanguruma. "Waambie wanipigie mimi mwenyewe. Baba yake ni mzima, anakula vizuri."

"Wakijua upo mkopo unapungua. Kinachobaki kwenye ada unalipa wewe."

Simu ikatoa sauti ya mashine ya kukoboa kwa mbali. Ikaendelea kukoboa.

"Shemeji, upo?"

"Nipo, nipo. Sasa sikiliza. Mimi, kusema ukweli, ni baba mdogo. Ukweli lazima tuuseme, maana Mungu anaona. Waandike yatima tu. Mbona yatima ndio wanapewa mkopo wote?"

Shufaa alikohoa ili asicheke. Eveline alitoka nje akasimama barabarani, na aliporudi hakumwita tena yule mtu baba, wala hakumwita jina lingine lolote.

Kesho yake Tusekile akafunga meza, akapanda basi mpaka Igawa, akaunga hadi Ubaruku. Ulikuwa mwezi wa nane. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kila upande na ghala la Sosthenes limejaa hadi mlangoni, kwa sababu wakati huo bei huwa chini na kila mwenye akili hungoja. Sosthenes alipomwona akaanza kulalamika kabla ya salamu. Mota imekufa, umeme unakatika, wateja wanakopa. Nyuma yake mashine ilikuwa inaunguruma bila hata kukohoa.

"Mimi nimeshaamua kukusaidia, shemeji," akamwambia. "Nitakwenda kwa wakili Iringa, nile kiapo kwamba mimi si baba wa Eveline. Gharama juu yangu."

Angalia hapo. Mtu amesikia neno ada na tayari anakimbilia kwa wakili, tena kwa hela yake. Mtu mwingine angebishana naye. Angemkumbusha makofi ya Kihesa, angelia mbele ya wapakizi, angemtaja marehemu. Tusekile ameshika kisado miaka mingi. Mteja akitaja bei haraka, wewe unajiuliza kwa nini ana haraka. Na alijua kitu ambacho Sosthenes hakukijua, kwamba kiapo hicho hakikuwa na faida yoyote mwaka huu. Kikiandikwa, Sosthenes anatoka bure, cheti kinabaki vilevile, na mtoto anakosa huku na huku.

"Asante, shemeji," akasema. "Tukutane Kihesa kwa wifi Benedicta. Jambo la ukoo likamalizike kwenye ukoo."

Nilikwenda naye Kihesa. Alisema anataka mtu wa kumkanyaga mguu akianza kulainika. Benedicta ndiye dada mkubwa wa Ezron na Sosthenes, mjane, mshiriki mzito wa Usharika, mwanamke anayeweza kukukaribisha chai na kukupima kwa wakati mmoja. "Kamwene," akatusalimu kwa Kihehe, akatuketisha kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Eveline akakaa karibu na mlango na simu yake mkononi.

Sosthenes alikuja na koti na bahasha. Ndani kulikuwa na kiapo, kimeshapigwa chapa, bado saini. Nadhani ndiyo hela yake ya kwanza kutoka kwa ajili ya elimu ya yule mtoto. Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani. Yeye, Sosthenes, si mzazi wa Eveline. Mzazi ni Ezron, sasa marehemu. Jina lake liliingia kwenye cheti kwa mazoea ya kimila.

"Kimeandikwa vizuri, shemeji," Tusekile akasema. "Kimepungua kidogo tu."

"Kimepungua nini?"

"Mambo ya mbele. Wakili amekutoa kwenye ada, hajakutoa kwenye mahari."

Sosthenes akacheka. "Mahari ni mila, bwana. Mila haipelekwi kwa wakili."

"Ubaba nao ulikuwa mila. Wewe ndiye uliyeupeleka ofisini."

"Shemeji, usichanganye mambo."

"Sichanganyi, nayatenga. Kama wewe si baba, karatasi iseme yote. Barua ya posa haiji kwako. Ng'ombe hawaji kwako. Kwenye sendoff unakaa na waalikwa, upande wa soda. Vyote vinakwenda kwa wifi Benedicta, dada yake Ezron, maana Ezron ndiye baba na wewe umeapa."

Benedicta alikuwa anamimina chai. Akaiweka chupa chini.

"Sosthenes," akasema, "huyo wakili wako anafunga ofisi saa ngapi?"

"Dada, na wewe."

"Mimi nauliza tu. Aya moja haiwezi kumchukua muda."

"Mahari ni ya ukoo mzima."

"Basi mimi si ukoo? Mimi ni mpangaji humu?"

Sosthenes akageukia kwangu, kana kwamba muuza viazi angemwokoa. Nikanywa chai.

"Tufanye hivi," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ya sokoni. "Nisaini hiki kama kilivyo, mtoto apate mkopo wake. Hayo ya ng'ombe tutayazungumza Mungu akipenda siku ikifika."

"Aya ya kwanza bila ya pili sichukui," Tusekile akasema. "Ni kama kuuziwa koti bila mikono. Chukua kalamu uongeze kwa mkono, sisi wote mashahidi. Au rudi kuwa baba."

Sosthenes akachukua kalamu.

Hapo nilimkanyaga Tusekile mguu ingawa hakuwa amelainika. Watu watatu kwenye chumba kile, sisi wawili na Eveline pale mlangoni, tulijua kwamba akiandika ile aya, mwaka wa mtoto umekwenda. Sosthenes hakujua. Benedicta hakujua, na alikuwa ameshaanza kumsogezea kitabu cha kuandikia juu yake.

Sosthenes akaiweka kalamu juu ya karatasi bila kuandika.

"Hivi siku hizi, dada," akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "binti wa digrii wanamtolea ngapi?"

Benedicta ni mwaminifu hata pale uaminifu unapomtia hasara. "Yule binti wa pale karibu na shule, nesi tu wa diploma, walitoa ng'ombe kumi na wawili. Na pikipiki ya mjomba. Famasia sijui. Sijawahi kuona."

"Famasia ni zaidi," Sosthenes akasema polepole.

"Ni zaidi sana," Tusekile akamkubalia. "Ndiyo maana nataka iandikwe."

Alikaa akiangalia kile kiapo. Mtu anaweza kufikiri alikuwa anamkumbuka kaka yake. Mimi nilimwona ninavyoona wateja wanaozungukazunguka gunia, wanaliinua upande mmoja, wanalishusha. Alikuwa anapima ng'ombe ambao hata mposaji wao hajajulikana.

"Na nikibaki baba?" akauliza.

"Ukibaki baba, nafasi yako yote unabaki nayo. Mbele, na maiki. Ila kinachobaki kwenye ada baada ya mkopo ni chako, na unakitoa sasa hivi."

"Mkopo wenyewe bado haujatoka. Utajuaje kinachobaki?"

"Tunakadiria. Kikizidi nitakwambia, kikipungua, ziada tutaanzia nayo mwaka wa pili."

"Hela taslimu sina, Mungu shahidi."

"Mpunga unao, mimi shahidi. Nimeuona juzi, umefika mlangoni."

Akashika upara. "Mpunga kwa bei ya leo?"

"Bei ya leo. Bei ya kesho naijua?"

Alifurahi hapo. Alijaribu kuficha lakini alifurahi. Alimwona Tusekile kama muuza maharage wa kisado ambaye angebeba magunia yale, akayamwaga sokoni wiki hiyohiyo kwa bei ya kutupa ili akalipe chuo. Kwake yeye ulikuwa ubaba wa bei nafuu. Akachana kiapo mwenyewe, mara nne, akaweka vipande kwenye kisosi.

"Huyu ni mwanangu," akatangaza. "Nilishasema zamani, kwenye ukoo huu hakuna yatima."

Benedicta akachukua kitabu chake akarudisha kabatini, na chai yetu haikuongezwa tena.

"Niandike nini sasa?" Eveline akauliza kutoka mlangoni. Ndiyo maneno yake pekee siku ile.

"Andika baba yupo," mama yake akamwambia. "Mfanyabiashara."

Tulipitia Ubaruku wakati wa kurudi, Sosthenes akiwa nasi kwenye gari, kwa sababu Tusekile hakumpa nafasi ya kwenda kulala na kufikiri. Wapakizi wakaanza kushusha magunia ya mpunga. Yeye akawaonyesha kona ndani ya ghala lake, akasema magunia ya shemeji yatakaa pale salama.

"Si kwenye ghala lako," Tusekile akasema.

"Huniamini?"

"Nakuamini. Ila panya wa hapa wanakujua."

Magunia yakahamishiwa kwa mwenye ghala mwingine upande wa pili wa barabara, yakaandikwa jina la Tusekile, risiti akaitia kifuani. Wapakizi walicheka. Sosthenes naye akacheka, maana wangemwona vipi.

Shufaa aliingiza ombi siku mbili kabla dirisha halijafungwa, kila kitu kama kilivyo kwenye cheti. Mkopo ukatoka. Haukuwa wote, kama alivyosema, lakini ulikuwa na chakula na malazi na sehemu ya ada. Tusekile aliuza magunia machache, akalipa kile kilichotakiwa na chuo ili mtoto asajiliwe, akampeleka Eveline stendi na begi moja na debe la karanga za kukaanga. Magunia mengine hakuyagusa. Watu wa sokoni walimshangaa. Mwanamke ana mpunga ghalani na bado anapima maharage juani, anabishana na mtu juu ya kisado kisichojaa.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya mchele ulipanda, kama unavyopanda kila mwaka kwa anayejua kungoja. Akakoboa, tena kwenye mashine ya mtu mwingine, akauza kidogo kidogo. Ile hela ilimaliza ada ya mwaka wa kwanza na ikagusa ya mwaka wa pili.

Sosthenes akapata habari. Akaja Mbalizi mwenyewe, na koti, akasimama mbele ya meza ya maharage kama ofisa wa kodi.

"Shemeji, nimesikia ule mchele umeuza vizuri."

"Vizuri, namshukuru Mungu."

"Sasa nilikuwa naona, ile tofauti. Kati ya bei ile ya mwezi wa nane na hii. Kiungwana tu, tungegawana."

Tusekile alikuwa anampimia mtu maharage ya njano. Akajaza kisado, akakifuta juu kwa kiganja, akamimina kwenye mfuko wa mteja, akapokea hela, akamrudishia chenji. Halafu akamtazama.

"Mzazi hadai chenji, shemeji."

Mteja aliyekuwa anaondoka akarudi hatua moja ili asikie vizuri. Sosthenes alimwona. Aliona pia mimi na wauza nyanya wa nyuma tumesimamisha kazi. Hakuna mwanaume anayeweza kusimama sokoni akaeleza mbele ya watu kwamba anadai hela ya ada ya mwanawe arudishiwe. Akanunua kisado cha maharage ambacho hakukihitaji, akalipa bila kuomba nyongeza, akaondoka.

Eveline yuko mwaka wa tatu. Ukimuuliza habari za kuolewa anakwambia yuko kwenye mtihani, na ukimuuliza tena mwezi ujao yuko kwenye mtihani mwingine. Ng'ombe wa Kihesa bado wako kwa wenyewe. Ila kila mwezi wa nane, mpunga ukishaanikwa, Tusekile anapiga simu Ubaruku. Sosthenes analalamika kwanza habari za mota, analalamika umeme, analalamika mbolea. Halafu anawaita wapakizi, magunia yanavuka barabara, na yeye mwenyewe anasimama pale kuwahesabia, huku akimwambia kila anayepita kwamba kusomesha mtoto siku hizi si mchezo.